Mabanda ya Injini za Mvuke Yanahitaji Mlinzi

Mwezi wa Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli mpya kutoka Malaba, mpakani, mpaka mji mkuu wa Kampala, umbali wa kilomita 272. Reli hiyo itakuwa na upana wa milimita 1,435, hali reli ya zamani ina upana wa mita moja kamili. Hilo ni jambo la maendeleo, na kila mwananchi ana haki ya kulifurahia. Lakini kila mahali duniani reli mpya inapofika, reli ya zamani hubaki na majengo yake: stesheni, karakana, minara ya maji, mabanda ya kulaza injini, na mitambo iliyotumika kuzigeuza injini hizo. Je, vitu hivyo ni takataka za kuuzwa kwa kilo, au ni mali ya taifa? Na kama ni mali ya taifa, mlinzi wake ni nani?

Swali hili linawahusu kwa karibu sana askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu kazi ya kulinda mali ya umma ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Lakini mtu hawezi kulinda vyema kitu asichokijua. Kwa hiyo yafaa kwanza ielezwe vitu hivyo vilikuwa vya kazi gani.

Injini ya mvuke ina mbele na nyuma. Mbele kuna bomba la moshi na pipa kubwa la kuchemshia maji. Nyuma kuna chumba cha dereva na mchochea moto, na baada yake behewa dogo la kuni, makaa au mafuta. Injini ya namna hiyo ikikimbia kinyumenyume, dereva haoni njia vizuri, na mwendo hauna budi kupunguzwa. Hivyo kila ilipofika mwisho wa safari ilihitaji kugeuzwa. Mafundi wa Ulaya na Amerika walibuni jukwaa la kugeuzia: daraja fupi la chuma lililowekwa juu ya shimo la duara, likishikiliwa katikati na mhimili mmoja. Injini iliingia juu ya daraja hilo, ikasimamishwa mahali ambapo uzito wake umelingana pande zote mbili, kisha watu wachache wakalisukuma kwa mikono mpaka likageuka. Tani nyingi za chuma zilizungushwa kwa nguvu za watu wawili au watatu, maadamu mizani ilikuwa sawa.

Kulizunguka jukwaa hilo lilijengwa banda la duara, au la nusu duara, lenye vyumba vilivyopangwa kama vipande vya chungwa. Kila chumba kilikuwa na reli yake iliyoelekea kwenye jukwaa, shimo la fundi kuingia chini ya injini, na tundu la moshi paani. Faida ya mpango huu ni kwamba injini yoyote iliweza kutoka bila ya kuihamisha nyingine. Lakini ulikuwa na udhaifu ambao askari atauona mara moja: mlango ulikuwa mmoja. Jukwaa likikwama, au adui akilivunja, injini zote zilizomo ndani zilikuwa kama zimetekwa.

Katika Afrika Mashariki mafundi walitumia sana njia nyingine. Ardhi ilikuwa kubwa, kwa hiyo walilaza reli kwa umbo la pembetatu; injini iliingia kwa upande mmoja, ikarudi nyuma kwa upande wa pili, ikatoka ikiwa imegeuka. Mabanda nayo mengi yalikuwa marefu na ya kunyooka. Kisha zikaja injini kubwa za aina ya Garratt, zenye seti mbili za magurudumu na pipa la maji katikati, ambazo ziliweza kukimbia mbele na nyuma bila ya kugeuzwa. Injini 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester kuanzia mwaka 1955 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 250 hivi. Hakuna injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda zilizopata kutembea juu ya reli ya mita moja. Kwa hiyo anayetafuta urithi wa reli katika nchi hizi asitazamie kuona duara peke yake. Atazame banda refu lenye masizi paani, shimo la fundi, mnara wa maji, na ile pembetatu ya reli iliyofunikwa na majani. Hao wote ni ndugu wa lile jukwaa la kugeuzia, na hatari inayowakabili ni moja.

Historia ya reli ya Uganda si fupi. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Ziwa Nyanza, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na wengi kati yao walirudi kwao wakiwa wagonjwa au walemavu, na wengine hawakurudi kamwe. Kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga kutoka Jinja mpaka Namasagali. Mwaka 1931, baada ya daraja la mto Nile kukamilika mjini Jinja, garimoshi la kutoka Mombasa liliweza kufika Kampala bila ya kupanda meli. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kuchukua shaba ya Kilembe, na mwaka 1964 ikafika Pakwach, kando ya Nile katika kaskazini.

Majeshi yanaijua reli hii kuliko watu wengi. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari waliwekwa kuilinda dhidi ya vikosi vya Wajerumani vilivyovuka kutoka Tanganyika usiku kuja kuitegea baruti sehemu za Voi na Tsavo. Askari wa King's African Rifles walisafirishwa kwa mabehewa yake kwenda vitani na kurudi. Basi historia ya reli ni sehemu ya historia ya askari wenyewe.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na sehemu yake, na karakana kubwa ya kutengenezea injini ilikuwa Nairobi. Uganda ililazimika kuanzisha Shirika la Reli lake yenyewe na baadaye kujenga karakana yake huko Nalukolongo, Kampala. Wakati huohuo injini za dizeli zilikuwa zimeshika mahali pa injini za mvuke. Dizeli haihitaji makaa wala mnara wa maji. Haina majivu ya kuzolewa. Kwa hiyo mabanda ya zamani yalikosa kazi, na nyumba isiyo na kazi huanza kufa siku ile ile mlango wake unapofungwa.

Kufa huko hufuata mpangilio unaojulikana. Kwanza huondoka watu, kisha huziba mifereji ya paa na mvua ikaingia. Miti huota katika nyufa za ukuta. Halafu huja wezi. Huanza na vitu vidogo, kama shaba, vyuma vya milango na nyaya. Wakiona hakuna aliyeuliza, hurudi kuchukua mataruma na reli zenyewe. Njia ya Kampala mpaka Kasese, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, iliacha kupitisha treni mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo magugu, mafuriko na wezi wa chuma wamefanya kazi yao. Ndani ya Kampala yenyewe watu walijenga vibanda vya biashara juu ya hifadhi ya reli mpaka vikaja kuondolewa mwaka 2014. Watu hao hawakuwa maadui wa historia. Waliona ardhi tupu katikati ya mji, nao walikuwa na njaa ya mahali pa kutafutia riziki. Mahali pasipo na mwenyewe aonekanaye, kila mtu huwa mwenyewe.

Sasa yafaa kutazama mataifa mengine yalivyoshindana na hatari hii. Mjini London, katika mtaa wa Camden, lilijengwa banda la duara mwaka 1847. Baada ya miaka kumi hivi injini zikawa ndefu kupita jukwaa lake, na banda likageuzwa kuwa ghala la mvinyo kwa miongo mingi. Mwaka 1964 lilipewa kazi ya kuwa jumba la michezo ya kuigiza. Likaja likafungwa tena, na mwaka 2006 likafunguliwa baada ya matengenezo makubwa. Leo watu hulipa fedha kuingia humo kusikiliza muziki. Jengo hilo limepona kwa sababu lilipatiwa kazi mpya kila kazi ya zamani ilipokwisha.

Nchini India, huko Rewari karibu na Delhi, kuna banda la injini lililojengwa mwaka 1893 kwa ajili ya reli ya mita moja, yaani reli ya kipimo kile kile cha Uganda. Injini za mvuke zilipoacha kazi, banda hilo nalo liliachwa. Lakini wenye reli waliamua kulifufua, wakalijaza injini, na mafundi wakaendelea kuziwasha. Hapo kilichohifadhiwa si kuta peke yake. Ni pia ujuzi wa mikono, ambao haukai ukutani wala haujengwi upya kwa saruji ukishapotea.

Mfano unaowahusu askari zaidi uko hapa hapa Afrika, mjini Freetown. Sierra Leone ilifunga reli yake ya Serikali mwaka 1974, na baadhi ya injini na mabehewa yakawekwa katika karakana ya Cline Town. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoiangukia nchi hiyo kuanzia mwaka 1991, watu waliokimbia mapigano walijihifadhi ndani ya karakana hiyo pamoja na watoto wao. Mwaka 2004, vita vikiwa vimekwisha, afisa wa jeshi la Uingereza, Kanali Steve Davies, aliyekuwa huko katika kazi ya kulifundisha jeshi la nchi, aliingia humo akaikuta mitambo ile ingaliko chini ya vumbi. Angeweza kupita na kwenda zake, maana hakutumwa kazi hiyo. Badala yake aliwashauri wakuu wa nchi, wakakusanyika wazee wa reli na vijana, na mwaka 2005 likafunguliwa Jumba la Makumbusho ya Taifa ya Reli. Miongoni mwa vitu vilivyookolewa ni behewa lililotayarishwa kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth mwaka 1961. Taifa lililokuwa limevunjika vipande lilipata mahali ambapo watu wa pande zote waliweza kusema, hiki ni chetu sote.

Karibu zaidi na nyumbani, mjini Nairobi, Jumba la Makumbusho ya Reli lilifunguliwa mwaka 1971, wakati injini nyingi za mvuke zilikuwa bado kazini. Hapo imehifadhiwa injini nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, moja kati ya zile 34 zilizotajwa. Hapo pia limo behewa dogo la mbao ambalo kila askari wa polisi angefaa kulijua. Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba alikuwa akiwawinda wafanyakazi wa reli. Afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alifika na behewa lake pamoja na wenzake wawili ili kumvizia. Walikubaliana kushika zamu. Ryall alishika zamu yake, lakini usingizi ukamshinda. Simba akaingia ndani ya behewa, akamuua na kutoka naye. Behewa hilo lingechomwa kuni zamani, habari hii ingebaki hadithi ya kutisha watoto. Kwa kuwa lipo, mtu anaweza kuona udogo wa nafasi ile na kuelewa maana ya neno zamu.

Uganda nayo haikukaa bure. Katika miaka ya 2020, kwenye stesheni ya Jinja, limefunguliwa Jumba la Makumbusho ya Reli ya Uganda kwa ushirikiano wa Shirika la Reli na wapenzi wa urithi wa taifa, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2023 nchi ilipata sheria mpya ya makumbusho na majengo ya kale, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Basi sheria ipo na mahali pa kuanzia papo. Kilichobaki ni kufuata kazi yenyewe.

Wako wanaouliza swali ambalo halistahili kudharauliwa. Husema kwamba hospitali zinahitaji dawa na shule zinahitaji madawati, na kwamba ardhi ya reli katikati ya Kampala ina thamani kubwa. Kwa nini basi fedha zitumiwe juu ya chuma kilichozeeka? Jibu lake ni hili. Kwanza, hakuna mwenye akili anayetaka kila banda na kila kipande cha reli kihifadhiwe. Vingi vitaondoka, na ni haki viondoke, ili reli mpya ipate nafasi. Kinachotakiwa ni kuchagua mahali pachache palipokamilika, ambapo mtoto anaweza kuona banda, shimo la fundi, mnara wa maji na njia ya kugeuzia vikiwa pamoja, akaelewa kazi nzima. Pili, kulinda leo ni rahisi kuliko kujenga upya kesho. Paa linaloziba mvua na mlinzi mmoja mlangoni havigharimu sana. Lakini injini iliyokatwa vipande na kuyeyushwa hairudishwi na bajeti ya nchi yoyote. Tatu, reli ya zamani ililipiwa kwa jasho la wazee wa nchi hii, pamba na kahawa yao ndiyo iliyojaza mabehewa yake. Si haki faida ya mwisho ya jasho hilo iingie mfukoni mwa mwizi wa usiku.

Basi ni lipi linaloweza kufanywa na askari? Yako mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

La kwanza ni kujua anachokitafuta. Reli haifanani na nondo ya kujengea nyumba. Ubavuni mwake kwa kawaida pana chapa ya kiwanda kilichoitengeneza na mwaka wake, iliyopigwa chuma kikiwa bado cha moto. Taruma la chuma ni bamba nene lililokunjwa kama hori lililopinduliwa, lenye mashimo ya kushikia reli. Lori likisimamishwa usiku, na chini ya magunia ya makaa pakaonekana vitu vya namna hiyo, askari hana haja ya kuamini maneno matupu ya dereva. Aulize karatasi, asome chapa, aandike. Mwizi wa chuma huishi kwa kutegemea kwamba anayemsimamisha hajui tofauti.

La pili ni nidhamu ya kambi. Mara nyingi kikosi kikiwa safarini hupewa kulala katika stesheni au banda lililoachwa, kwa sababu lina ukuta na paa. Hilo si kosa. Lakini milango ya mbao, madaftari ya zamani ya safari za treni, na ramani zilizobaki ukutani si kuni za kupikia. Daftari moja la stesheni laweza kueleza ni mizigo gani ilipita na mwaka gani, jambo ambalo halimo katika kitabu chochote. Mkuu wa kikosi anayeamuru vitu hivyo vifungiwe chumbani, na kumwandikia afisa wa wilaya barua ya mistari mitatu, amefanya kazi ya mwanahistoria. Mataifa yalikubaliana huko The Hague mwaka 1954 kwamba mali ya utamaduni ilindwe hata wakati wa vita. Basi wakati wa amani haiwezi kukosa mlinzi.

La tatu ni kuwasikiliza wazee. Katika kila mji wa reli, Tororo, Jinja, Soroti, Kampala, wako madereva, wachochea moto na mafundi waliostaafu, na kila mwaka idadi yao hupungua. Hao ndio wanaojua kila kifaa kilikaa wapi na kilifanya kazi gani. Askari wa zamu anayepita kwa mzee wa namna hiyo jioni, akamwuliza na kuandika, atakuta kwamba mzee huyo ni mlinzi mwenzake, tena aliyeanza zamu muda mrefu kabla yake.

Ndugu wasikilizaji, reli mpya itakuja na injini zake, nazo hazitahitaji jukwaa la kuzigeuza wala mnara wa maji. Siku moja zitazeeka nazo, na wajukuu watauliza zilizotangulia zilikuwa za namna gani. Kama jibu litakuwepo au halitakuwepo, hilo halitaamuliwa siku hiyo. Linaamuliwa sasa, kwenye kizuizi cha barabarani usiku, lori linapopunguza mwendo na askari wa zamu akainua taa yake kutazama kilichobebwa.